Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: Mitaa ya Dar es Salaam Katika Maneno na Katika Sheria

Kiswahili kina njia fupi ya kutaja mahali pa watu fulani. Shina la jina lao hutiwa u- mwanzoni na -ni mwishoni, na jina la mahali limekwisha kupatikana. Katika Mwarabu twapata Uarabuni, katika Mzungu Uzunguni, katika Mhindi Uhindini, na katika Mswahili Uswahilini. Uarabuni ni nchi iliyo ng'ambo ya bahari. Lakini hayo mengine matatu, katika miji ya Tanganyika, yalikuwa majina ya sehemu za mji mmoja, ambazo mtu aliweza kuzipita zote kwa miguu kabla jua halijawa kali. Sheria zilizozigawa sehemu hizo zilitumia maneno mengine kabisa. Katika makala haya twataka kuyaweka maneno ya sheria na maneno ya watu kando kwa kando, kwa mji wa Dar es Salaam, ili tuone ni yapi yaliyosema kweli ya mambo.

Yafaa tuanze mbali kidogo, msomaji asije akadhani ya kuwa kupambanua watu kwa kuta za nyumba zao ni jambo lililoletwa pwani na Wazungu peke yao. Katika miji ya kale ya Waswahili, nyumba ya mawe na nyumba ya udongo hazikuwa na heshima moja. Mji wa Lamu ulikuwa na sehemu mbili kubwa: Mkomani upande wa kaskazini, penye nyumba nyingi za mawe za waungwana, na Langoni upande wa kusini, palipojengwa zaidi kwa udongo na makuti. Si kila mtu aliyeruhusiwa na desturi kujijengea kwa mawe, hata kama fedha alikuwa nayo. Walakini mitaa hiyo iligusana. Watu wake walisikia adhana moja baada ya nyingine, walipitana vichochoroni, walikaribishana barazani, na maiti wa upande mmoja alizikwa na watu wa pande zote. Daraja zilikuwapo, na zilikuwa na uchungu wake. Lakini daraja hizo hazikuhitaji uwanja mtupu wa kuzitenga. Msomaji alishike neno hili la uwanja mtupu, maana tutalirudia.

Dar es Salaam ni mji mchanga ukilinganishwa na Lamu. Penye bandari yake palikuwa na kijiji cha wavuvi kiitwacho Mzizima, na katika miaka ya 1860 Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliazimia kujenga mji mpya karibu yake. Alikufa mwaka 1870, kabla kazi haijaendelea sana, na mji ukalala. Wadachi, kama wazee walivyowaita Wajerumani, walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 waliufanya kuwa makao makuu ya serikali yao ya Afrika ya Mashariki. Mwaka huo huo walitoa amri ya majengo. Amri hiyo iliugawa mji katika sehemu tatu kwa namna ya nyumba. Upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, zilitakiwa nyumba imara za mtindo wa Ulaya. Katikati ziliruhusiwa nyumba za kuta madhubuti zenye maduka. Upande wa magharibi, nyuma ya mji, ndipo palipoachiwa nyumba za miti, udongo na makuti.

Tazama jinsi amri ya namna hii inavyofanya kazi. Haisemi, "Mswahili asikae hapa." Yasema tu, "Nyumba ya udongo isijengwe hapa." Lakini mchukuzi wa bandarini, ambaye ujira wake ulimtosha chakula na kodi ya kichwa, angeipata wapi chokaa, mbao na mabati ya nyumba ya Kizungu? Ukuta ulitajwa, mtu akafukuzwa. Watu hawakuhitaji kusomewa amri ili waifahamu. Waliangalia ni nani waliokaa wapi, wakaita upande wa mashariki Uzunguni, na katikati Uhindini. Nyumba njema si mlango, wasema wahenga. Lakini sheria hii haikutazama kitu kingine zaidi ya mlango na ukuta.

Baadaye ilipatikana hoja ya pili, nayo ni afya. Miaka ile ya mwisho ya karne ya 19 ndiyo wataalamu walipothibitisha ya kuwa malaria huchukuliwa na mbu. Na Robert Koch mwenyewe, tabibu mashuhuri wa Kidachi, alifanya uchunguzi Dar es Salaam mnamo 1897 na 1898. Kutokana na elimu hiyo yalizaliwa mashauri mawili. Moja lilikuwa kuwaua mbu na kuwatibu watu wote. La pili lilikuwa kuwatenga Wazungu na wenyeji, kwa kuwa damu ya wenyeji ilihesabiwa kuwa ghala la ugonjwa. Serikali za Afrika ya Mashariki zilivutwa sana na shauri hilo la pili. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa na serikali ya Kiingereza kukagua afya ya miji ya Afrika ya Mashariki, naye akashauri kwamba mataifa mbalimbali yakae sehemu mbalimbali, na kati yao pawe na nafasi isiyojengwa. Huku kwetu Wadachi nao walikuwa na nia kama hiyo. Mwaka 1914 serikali yao ilinunua shamba kubwa upande wa magharibi, ikaanza kulipima viwanja ili wenyeji wahamishiwe huko, na soko likaanza kujengwa katikati yake. Kabla kazi haijaisha, vita ikaingia.

Waingereza waliutwaa mji mwezi wa Septemba 1916. Soko lile lisilokwisha, pamoja na viwanja vilivyolizunguka, likawa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na masikio ya Waswahili yakalipokea jina hilo kwa namna yao wenyewe: Kariakoo. Hapa lugha imefanya kazi ya mwandishi wa historia. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu katika vita isiyokuwa yao, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Kila mtu asemaye leo kwamba aenda Kariakoo kununua kitenge au ndoo huwataja bila kujua.

Vita ilipokwisha, Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza kwa udhamini wa League of Nations, yaani baraza la mataifa lililoundwa baada ya vita. Sharti mojawapo la udhamini lilikuwa kwamba raia wa kila taifa lililo katika baraza wapewe haki sawa, na Uhindi ilikuwa mwanachama. Kwa hiyo serikali haikuweza kuandika waziwazi ya kuwa Wahindi wasikae sehemu fulani ya mji. Ilipotangaza mpango wake mwaka 1924, ilirudia hila ile ile ya Wadachi. Mji uligawanywa katika Sehemu ya 1, ya 2 na ya 3. Ya 1 ilikuwa ya nyumba za kukaa za namna ya Kizungu; ya 2 ya nyumba za kukaa na za biashara; ya 3 ya nyumba za namna ya kienyeji. Hakuna taifa lililotajwa. Lakini mtu yeyote wa mjini aliweza kuzifasiri tarakimu hizo tatu kwa Kiswahili bila ya kamusi: 1 ni Uzunguni, 2 ni Uhindini, 3 ni Kariakoo.

Kati ya Sehemu ya 2 na ya 3 palitakiwa nafasi isiyojengwa, na hapo twarudi kwenye neno letu. Mahali palipochaguliwa paliitwa Mnazi Mmoja. Hapakuwa patupu, palikuwa na nyumba za watu. Katika miaka ya 1920 na iliyofuata nyumba hizo ziliondolewa kidogo kidogo, na wenyeji wake wakahamishiwa Kariakoo, na baadaye Ilala. Hivyo uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao mtoto wa leo hudhani uliachwa wazi tangu mwanzo kwa ajili ya michezo, ulifanywa uwe wazi kwa kuwaondoa watu. Lakini ardhi haitii shauri la mwanadamu siku zote. Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba iliyo ukingoni mwa uwanja huo, barabara iliyoitwa wakati ule New Street na leo Lumumba, ndipo kilipoundwa chama cha TANU. Uwanja uliokatwa ili kutenga watu ukawa mahali pa watu kukusanyika, na baada ya uhuru uliopatikana mwaka 1961 ukajengwa mnara wa Mwenge.

Sasa tuingie ndani ya Kariakoo yenyewe. Viwanja vyake vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, barabara zikikatana kama nyuzi za mkeka. Katika kila kiwanja watu walijenga nyumba ambayo hata leo huitwa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati toka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na uani penye jiko, kisima na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki akavipangisha. Wapangaji walitoka kila upande wa nchi: Mzaramo, Mnyamwezi, Mmakonde, Mngoni, Mmanyema. Walipika uani pamoja, wakagombana juu ya maji na moshi, wakauguzana, wakazikana. Wajane wengi waliishi kwa kodi ya vyumba hivyo. Twathubutu kusema ya kuwa ukumbi huo wa nyumba ya vyumba sita ulifundisha Kiswahili watu wengi wa bara kuliko shule.

Hata hivyo mwenye nyumba huyo hakuwa mwenye ardhi. Alilipa kodi ya kiwanja kila mwaka, na haki yake ilikuwa ya mwaka kwa mwaka. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliruhusu haki ya kumiliki ardhi kwa muda wa hadi miaka 99. Lakini muda mrefu ulikwenda kwa wenye nyumba za kudumu, na nyumba ya kudumu ndiyo ile isiyotakiwa Sehemu ya 3. Hapo pana duara, na mtu maskini alifungiwa ndani yake. Hawezi kupewa ardhi kwa muda mrefu kwa kuwa nyumba yake ni ya udongo. Naye hathubutu kujenga kwa mawe kwa kuwa ardhi si yake kwa muda mrefu. Kisha mzungukaji akipita humwona, akaandika kitabuni ya kuwa wenyeji wapenda nyumba mbovu.

Mji ulizidi kukua. Mwaka 1948 ulikuwa na watu wapatao 69,000. Mwaka 1957 wapatao 129,000. Mwaka 1967 wapatao 273,000. Mwaka 1949 serikali ilipata mpango mkuu wa mji, uliotungwa na Sir Alexander Gibb na wenzake. Mpango huo uliacha kusema juu ya namna ya kuta. Badala yake ulitumia neno jipya: ujazo. Pangekuwa na sehemu za ujazo mdogo, wa kati na mkubwa, kwa kadiri ya nyumba zilizomo katika eneo. Neno hilo ni safi kama maji ya mvua, wala halimtukani mtu. Lakini ujazo mdogo ulikuwa Oyster Bay na pwani ya kaskazini, walipokaa Wazungu. Wa kati ulikuwa Upanga, walipojengewa Wahindi. Na mkubwa ulikuwa Magomeni, Temeke na Ilala. Tarakimu za 1924 zilikuwa zimevaa kanzu mpya. Na katika ujazo mdogo wenyewe Mswahili hakukosekana: alikuwa katika banda la uani, akipika, akifua, akilea watoto wa wengine.

Baada ya uhuru mambo mengi yaligeuzwa, na kwa haki. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa milele ulifutwa, ukawa wa muda chini ya serikali. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na serikali, na sura ya Uhindini ikabadilika. Mipango mikuu mipya ilitungwa mwaka 1968 na 1979, yote kwa msaada wa wataalamu wa Kanada. Serikali ilijaribu kwanza kubomoa nyumba mbovu na kujenga mpya, Magomeni na kwingineko, lakini gharama ilikuwa kubwa na waliopata nyumba walikuwa wachache. Ndipo katika miaka ya 1970 ilipoacha bomoabomoa hiyo ikafuata njia ya hekima zaidi: kupima viwanja na kuvipelekea maji na barabara, kama Sinza na Kijitonyama, kisha kumwachia mtu ajenge mwenyewe, na kuwaboreshea barabara na maji watu waliokwisha kujenga bila kupimiwa, kama Manzese. Lakini watu walikuja upesi kuliko mnyororo wa mpimaji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728, na zaidi ya nusu ya makazi ya mji yamejengwa pasipo ramani.

Kwa hiyo twaona mgawanyo wa tatu wa maneno. Kwanza ulikuwa mgawanyo wa kuta, wa pili wa ujazo, na wa tatu ni wa kupimwa na kutopimwa. Makazi yasiyopimwa huitwa holela, yaani yasiyo na utaratibu. Na watu mtaani, je, wasemaje? Wao wasema uswahilini, au kwa kifupi uswazi. Na upande wa pili wasema ushuani, na wazee bado uzunguni, ingawa wakaao huko sasa ni Watanzania wa mali. Watu wamebadilika, umbo la neno limebaki lile lile, u- mbele na -ni nyuma. Nasi twaona ya kuwa maneno haya ya mtaani yana ukweli ambao maneno ya ofisi yameuficha mara tatu. Ofisi yasema kuta, yasema ujazo, yasema vipimo. Mtaa wasema watu.

Lakini neno holela lenyewe twalitilia shaka. Mtu anunuapo kiwanja kisichopimwa, haendi gizani. Huonyeshwa mipaka, ambayo mara nyingi ni safu ya minyaa au mnazi uliopandwa na marehemu fulani. Majirani wa pande zote huitwa wasimame mipakani. Hati ya mauzo huandikwa kwa mkono, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa akatia sahihi na mhuri, na mashahidi wa muuzaji na wa mnunuzi wakaandika majina yao. Huu si ukosefu wa utaratibu. Ni utaratibu wa aina nyingine, ambao nguvu yake hutoka kwa majirani. Kasoro yake ni kwamba jirani huweza kuulinda mpaka wa kiwanja, lakini hawezi peke yake kulinda njia ya watu wote. Kila mtu akisogeza ukuta wake shibiri moja, barabara huwa uchochoro, na uchochoro huwa ufa. Siku ya moto gari la zimamoto halipiti, siku ya mvua maji hayana pa kwenda, na siku ya msiba jeneza hupitishwa kwa kuinamishwa.

Wala hatusemi ya kuwa sheria za majengo ni ubaya mtupu. Mwezi wa Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya mji, mahali palipoitwa Uhindini, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakafa chini ya zege. Kariakoo ile ya udongo na makuti, iliyokatazwa kwa miaka mingi isijenge juu, sasa yajenga juu bila kushikwa mkono. Hapo twaona jambo la kusikitisha: sheria ya kuta ilikuwa na nguvu nyingi ilipotakiwa kumzuia mtu asiingie, na nguvu kidogo ilipotakiwa kumlinda aliyekwisha kuingia.

Mtu asipopewa mahali katika ramani haachi kuwapo. Hujenga nje ya ramani, na kesho yake huambiwa kwamba yeye ndiye aliyeharibu mji. Hivyo ndivyo Dar es Salaam ilivyokua tangu amri ya 1891. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 imeagiza ya kuwa wananchi washirikishwe katika mipango ya maeneo yao. Agizo hilo ni jema, na lingeweza kuanzia mahali ambapo desturi imekwisha kuanza: pale majirani wanaposimama mipakani na mashahidi wao. Mpimaji akifika na kuwakuta wamesimama hivyo, awaombe kwanza jambo moja, kila mmoja arudishe shibiri yake, ili barabara ipatikane kabla ya kiwanja. Atakuta wengi wanalijua jambo hilo kuliko yeye, kwa kuwa ndio waliochukua jeneza.